Shukrani kwa Ajili ya Panya

"Nimekuja kumushukuru Mungu kwa ajili ya panya," mke wangu alisema, na kanisa zima likanyamaza.

Alikuwa amesimama mbele, pale wanaposimama wote wenye jambo la kushukuru. Gauni lake lilikuwa jipya, la kitenge cha kijani chenye maua meupe, na nyuma yake akina mama wa kwaya walikuwa wamevaa kitenge hichohicho kwa sababu yeye ndiye aliyewashonea. Upepo wa Julai ulikuwa ukipiga mabati ya paa. Mchungaji Zénon aliinamisha kichwa upande mmoja. Katika kanisa letu la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alikwisha kupokea shukrani za watoto waliozaliwa, za wagonjwa waliopona, za familia zilizopata kuhamia Australia, hata za baiskeli iliyoibwa ikapatikana. Panya walikuwa wageni kwake.

"Panya gani, Mama Elodie?" aliuliza mtu kutoka upande wa wanaume. "Kama ni hawa balikula mahindi yangu, mi simo ndani ya hayo maombi."

Watu walicheka. Mke wangu Béatrice naye alicheka, akingoja watulie. Binti yetu Elodie, aliyekaa kando yangu, hakucheka. Alikuwa amefika kutoka Kanada Jumatano ya wiki ileile, na uamuzi wake alikuwa amekwisha kutuambia: harudi tena kwenye maabara yake. Mama yake alikuwa na uamuzi mwingine. Alitaka mtoto arudi kazini, na alitaka hivyo kuliko alivyotaka kupona. Mbuzi aliyefungwa nje, magauni, kwaya, na hao panya waliosababisha kicheko, vyote sasa alikuwa amevielekeza kwenye jambo hilo moja.

Béatrice amelala sasa katika makaburi ya hapa kambini. Ninaandika kwa sababu nimeanza kusahau namna alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema neno la kuchekesha. Nikiandika alichosema, nasikia na kile kikohozi.

*

Panya waliingia nyumbani kwetu kwa njia ya simu.

Sisi ni Wakongo wa Fizi, kutoka milima iliyo juu ya mji wa Baraka. Tulilima huko, na vita vilipotutoa tukaja Malawi bila jembe. Hapa Béatrice alishona kando ya barabara kuu ya kambi, nami nikawa ninatengeneza cherehani zinazokwama, zake na za wengine. Mtoto wetu alikuwa mmoja, na alipenda shule kama wengine wanavyopenda mpira. Alipomaliza sekondari alipata ile nafasi ya masomo ambayo kila mwaka huchukua vijana wachache wa kambi na kuwapeleka Kanada. Alikwenda kusoma kemia. Tulipomuuliza kemia itamfikisha wapi, alisema anajifunza kutengeneza rangi ambazo hazipauki juani. Béatrice alifurahi sana, maana alijua vitenge vingapi vimepauka mikononi mwake.

Kisha akapata uvimbe kwenye titi la kushoto. Alipasuliwa Lilongwe, katika hospitali kubwa, na baada ya matibabu mengine akapewa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila asubuhi, kinachoitwa tamoksifeni. Elodie aliacha rangi mwaka uleule. Alihamia kwa profesa mwingine, kwenye maabara wanakotengeneza dawa za saratani ya titi, na jioni moja alitupigia simu ya video ili amweleze mama yake kile anachokimeza.

"Mama, ndani ya seli ya ugonjwa muna kiti," alisema. "Homoni ya mwili wako inakuja, inakaa pale. Ikikaa tu, seli inapata habari: ongezeka. Inazaa ingine, na ingine."

"Na kidonge changu?"

"Kinatangulia kukaa. Homoni ikifika inakuta kiti kiko na mutu."

Béatrice alifikiri. "Inarudi kwao?"

"Inazunguka tu, haina pa kukaa. Seli inangoja habari, habari haifiki."

"Njo vizuri," alisema Béatrice. "Hapa kambini tunazijua hizo. Unafika ofisini, kiti kiko na mutu, unarudi kwako."

Kesho yake akina mama wote wa barabara ile walikuwa wanajua. Ikawa salamu. Mtu akipita na ndoo yake ya maji aliita kutoka mbali, "Mama Elodie, kiti kiko na mutu?" naye alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Kiko na mutu, mama, pita salama." Hata wanaume waliokuwa wakiona haya kutamka neno titi walimuuliza kuhusu kiti.

Hali iliendelea hivyo kwa miaka kadhaa, na ilikuwa miaka mizuri. Alishona sare za shule za watoto wa kambi na za vijiji vya jirani. Aliimba. Alinenepa, na alinilaumu kwa kunenepa kwake.

Baadaye ugonjwa ulionekana tena, safari hii kwenye mifupa ya mgongo. Elodie alieleza kwa sauti ya polepole kwamba kile kiti kimebadilika umbo. Kimejifunza kutoa habari chenyewe, hata pasipo homoni kukaa. Ndiyo maana kidonge hakitoshi.

"Kiti kimekuwa chifu," alisema Béatrice.

"Njo hivyo, Mama. Lakini kazi yetu hapa ni hiyo. Tunatengeneza molekuli ndogo, ndogo sana, yenye kumezwa kama kidonge na kupita mpaka ndani ya seli. Ikifika, inakipindisha kiti. Kikishapinda, seli yenyewe inakiona kama takataka, inakivunja, inakitupa inje."

"Iko na jina?"

"Hapana. Iko na namba tu. Mia mbili na kumi na saba."

"Basi ni mukimbizi mwenzetu," alisema Béatrice, na Elodie, ng'ambo ya dunia, alicheka hadi simu ikatikisika mkononi mwake.

Tangu siku hiyo mia mbili na kumi na saba akawa mtu wa nyumbani. Béatrice alimwombea asubuhi kwa namba yake. Tuliambiwa amefaulu katika seli zilizowekwa kwenye kisahani cha kioo. Tukaambiwa sasa ataingia kwa panya, panya wadogo weupe waliopandikizwa saratani ya binadamu. Nusu yao wangepewa dawa, na nusu wangepewa mafuta matupu ili tofauti ionekane.

"Bale wa mafuta balikosa nini?" aliuliza Béatrice.

"Hakuna kosa, Mama. Bila wao hatuwezi kujua."

Jibu hilo halikumridhisha. Akawa anawaombea wote, wa dawa na wa mafuta, na kikundi cha maombi cha akina mama kikamfuata. Nakumbuka nikipita nje ya dirisha la kanisa mchana nikasikia wanawake wa Uvira na wa Fizi, ambao nyumbani kwao huwinda panya kwa fagio, wakimsihi Mungu awalinde panya wa Kanada dhidi ya baridi.

Mwezi wa Juni habari nzuri ikafika. Katika panya wa dawa, uvimbe ulikuwa umepungua. Elodie alisema bado ni mapema, lakini uso wake ulikuwa umeng'aa, na Béatrice hakuwa mtu wa kungoja. Alimwomba aje Julai, likizo yake itakapofika. Akatafuta mbuzi. Akaenda mwenyewe hadi Kawale, mjini Lilongwe, kuchagua kitenge, ingawa mgongo ulimsumbua ndani ya basi dogo, akarudi na robota akiimba.

*

Jumatano ya kufika kwake nilikwenda uwanja wa ndege na gari la Robert, kijana wa Burundi anayebeba watu kati ya kambi na mji. Elodie alitoka akiwa amekonda. Alinikumbatia, kisha akasema, "Papa, tusiende Dzaleka kwanza. Nipeleke mahali tukule."

Tukashuka hadi mtaa wa Area 25, kwenye mgahawa mdogo kando ya soko, tukaagiza nsima, ugali wa huku, na maharagwe. Robert alibaki kwenye gari. Elodie alikata tonge, akalishika mkononi bila kulipeleka mdomoni.

"Panya wamekufa," alisema.

"Kansa?"

"Hapana. Dawa yangu. Uvimbe ulipunguka, kisha maini yao yakaharibika. Balikufa wote wa dawa ndani ya wiki moja. Profesa amefunga kazi ya ile molekuli."

Nilitafuta neno la kusema. Mimi si mtu wa maneno. Nyumbani maneno yalikuwa na mwenyewe. Nilimwambia ale, chakula kisipoe.

"Sitarudi, Papa. Nimefikiri vizuri. Hata tukianza ingine leo, haitafika kwa Mama. Dawa inachukua miaka na miaka. Nafanya nini kule, nikitengeneza kitu ambacho hakitamufikia? Nitabaki hapa. Nitafundisha kemia sekondari, nitamwangalia Mama."

Lazima niseme ukweli kwamba moyo wangu ulifurahi. Baba yeyote angefurahi. Nilimwona tayari akikaa nasi jioni, akiniletea chai. Nikasema, "Mama yako amenunua mbuzi." Ndipo Elodie akaweka lile tonge chini, akafunika uso kwa mkono wake safi.

Nyumbani tulikuta uwanja umejaa wanawake wanaokata vitenge. Vigelegele vilitusindikiza hadi mlangoni. Béatrice alimshika mtoto wake mabega, akamtazama, akamtazama tena. Kisha akageuka akawaambia wenzake waende kumsaidia jirani yetu Mama Salima kuteka maji, wote, ndoo zilikuwa nyingi. Uwanja ukabaki mtupu.

"Panya bamekufa," alisema. Hakuuliza.

Elodie akamwambia yote, na lile la kutorudi. Alizungumza haraka, kama mtu anayetaka kufika mwisho kabla sauti haijamkatikia. Béatrice alisikiliza huku akiokota nyuzi kwenye gauni lake, moja baada ya nyingine.

"Unabaki kunifanya nini?" aliuliza.

"Kukuangalia, Mama."

"Mi siko televizyo."

"Mama."

"Baba yako ananiangalia tangu Baraka. Hajapata kitu kipya." Alikohoa kidogo, kisha uso wake ukabadilika. "Sikiya, Elo. Ukibaki, bantu batauliza, mbona mutoto wa Béatrice aliacha kazi yake? Batajibiwa, ni sababu ya mama yake. Mi nilitaka kuwa mama yako. Sitaki kuwa sababu."

Nami, nikijaribu kusaidia, nikasema labda tuahirishe ile sherehe, tuwaambie watu kwamba mambo yamebadilika.

"Papa Elodie," mke wangu alisema, "mbuzi ameisha kufika. Wewe utamwambia nini?"

"Hakuna cha kushukuru, Mama," alisema Elodie.

"Kipo," alisema Béatrice. "Nitakitafuta kabla ya Jumapili."

*

Kwa hiyo Jumapili ile, kanisa lilipotulia, aliendelea. Nimeyashika maneno yake karibu yote.

"Bale panya balikuwa na kansa kama yangu. Nusu balipewa dawa ya mutoto wangu, nusu balipewa mafuta. Munajua, tuliomba wote hapa. Dawa ilipunguza kansa, kweli. Kisha ikaharibu maini, bakafa. Bale wa mafuta nabo bakafa na kansa yao. Bote balikufa."

Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi. Wengi walikuwa wamekuja kusherehekea dawa iliyoshinda. Mchungaji Zénon alitazama mbuzi kupitia mlangoni, kama anayejiuliza naye atakuwa na msimamo gani.

"Papa, mwambie akae," Elodie alininong'oneza.

"Umewahi kuona mi namwambia akae?"

"Sasa ndugu zangu, munanijua," Béatrice alisema. "Mwezi wa sita, siku niliyosikia ile dawa inapunguza uvimbe, unafikiri mi ningengoja? Ningelia kwa simu kila siku. Ningemwambia, Elo, mutumie mama yako hata kidogo tu, weka ndani ya barua. Na kama angeweza kutuma, ningemeza. Ningemeza na furaha, na chai. Leo mungekuwa munanizika, na mutoto wangu angekuwa ameniua na mikono yake, na kupenda kwake kwote." Alitazama benchi letu. "Bale panya balisimama pa nafasi yangu. Njo maana nimekuja kushukuru. Na ninaomba kanisa liombee bengine, bale batakaofuata. Kwa sababu batafuata. Mutu wa kuwapa dawa yuko hapa, amekaa karibu na bwana yangu, na yuko na njaa."

Nilimgeukia Elodie. Hakulia. Alikuwa akimtazama mama yake kama mtu aliyeonyeshwa upande wa pili wa nguo aliyoizoea.

Mchungaji Zénon alisimama. Ni mtu mwema, na mambo mageni hayamtishi kwa muda mrefu. Alinyoosha mikono akasema, "Tuombe. Ee Bwana uliyeumba kila kiumbe, bariki hawa panya..." Mtu mmoja akacheka puani. Mchungaji akafungua jicho moja, akalitafuta lile benchi, akalifunga tena. "...bariki hawa panya, na bariki mikono inayowashika, uwape hekima wenye kutafuta. Na kama kuna mwenye kucheka, mupatie yeye maombi ya kumaliza."

Kwaya ikaanza kuimba kabla hajasema amina vizuri. Béatrice alicheza kutoka mbele hadi mlangoni, polepole kwa ajili ya mgongo, mkono mmoja ukiwa kiunoni na mwingine ukipunga leso, na kanisa lote likamfuata nje kwenye jua.

*

Mbuzi alikuwa kwenye sufuria, sombe la majani ya muhogo lilikuwa tayari, na watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyotolewa kanisani, wakati kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ilipoingia uwanjani na kumshusha Amanda.

Amanda ni mwanamke wa Malawi, wa kijiji kilicho nyuma ya shamba la shule. Watoto wake wote walivaa sare za Béatrice. Alikuwa amealikwa kwa Chichewa cha mke wangu, ambacho kilitosha: njoo Jumapili, kuna sherehe, ni sherehe ya panya. Alikuwa ameelewa kila neno. Na kwao, ukialikwa kwenye sherehe ya kitu, huendi mikono mitupu. Julai ni msimu, mashamba yamevunwa, na panya wa porini wamenona.

Alifungua kitambaa alichokibeba. Ndani mlikuwa na vijiti vilivyopasuliwa katikati, na katika kila kijiti panya walikuwa wamebanwa kwa safu, wamechemshwa kwa chumvi na kukaushwa, na manyoya yao na mikia yao. Wale ambao huuzwa kando ya barabara kuu, na ambao sisi Wakongo hupita tukiwatazama kwa pembe ya jicho.

"Ndabweretsa mbewa," alisema kwa heshima, nimeleta panya, akapiga goti mbele ya Béatrice.

Uwanja ulikuwa kimya kuliko kanisa lilivyokuwa. Mama Salima alijifunika mdomo kwa mtandio wake. Mchungaji Zénon aligundua kitu cha kusoma kwenye kiganja chake. Nilimtazama Elodie, nikaogopa, maana nilijua alikuwa ameona panya wangapi wamelala hivyo kwenye meza yake.

Béatrice alipokea kitambaa kwa mikono miwili. "Zikomo, mama, zikomo kwambiri," alimshukuru. Akachomoa panya mmoja, akamvunja, akala. Alitafuna kwa muda. "Chumvi yake ni nzuri," alisema. "Papa Elodie, uko na meno, saidia."

Kicheko kikaanza kwa Elodie. Kilianza kama kikohozi, kikampanda, akainama juu ya magoti yake, akacheka hadi machozi yakadondoka kwenye vumbi, na kila alipoinua kichwa akamwona mama yake akitafuna kwa adabu alianza upya. Watu wote wakacheka naye. Amanda alicheka pia, bila kujua sababu, na alipoelezwa sababu na Robert alicheka zaidi, akampiga Béatrice begani akisema kwamba panya wa wazungu hawana bahati, hawajui hata kama wangeweza kuliwa.

Kisha Elodie akajipangusa macho, akachukua panya wake kwenye kijiti. Alidhamiria kula, nadhani, kwa heshima. Lakini alimgeuza kwanza, akampasua tumboni kwa kidole gumba, kwa mkono wa mtu aliyezoea.

"Ini ni hili," aliwaambia waliokaa karibu. "Munaliona? Hili dogo la kahawia. Kila kitu unachomeza kinapita hapa kwanza. Ini linakikatakata."

"Hata dawa?" aliuliza Mama Salima, akisogea bila kujijua.

"Hata dawa. Ile yetu ilikuwa na kipande pembeni, kama mufuko kwenye gauni. Haikuwa kazi ya kile kipande kukipinda kiti. Tulikiweka ili dawa iyeyuke vizuri. Mi nafikiri ini lilikuwa linakata pale, na kipande kikikatwa kinakuwa sumu. Kiti chenyewe tulikipinda vizuri, hiyo ilionekana. Kama tungetoa kile kipande, tukaweka kingine kidogo ambacho ini halikijui, na tukaangalia kwenye seli za ini kwanza, mbele ya..."

Alisimama hapo. Panya alikuwa bado mkononi mwake. Alitazama mbele bila kutuona, midomo ikitembea kidogo, namna alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto akipiga hesabu kichwani. Wanawake waliomzunguka walingoja kwa utulivu, kama watu wanaongoja maji yaanze kutoka kwenye bomba.

"Nani kule anajua habari ya kile kipande?" Béatrice aliuliza kutoka upande wa pili, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Elodie aligeuka. "Hakuna," alisema. "Nimekiona sasa hivi."

Mke wangu alilamba chumvi kwenye vidole vyake. Hakutabasamu hata kidogo, jambo ambalo nadhani lilimgharimu.

"Robert," aliita, "gari yako iko na nafasi lini ya kwenda uwanja wa ndege?"

"Mama, nimefika Jumatano," alisema Elodie.

"Si nimeuliza tu. Likizo yako imalize. Utanisaidia kushona vifungo."

*

Alikaa nasi hadi likizo ilipokwisha. Alishona vifungo, vibaya, na mama yake akavifumua akivishona upya mbele yake. Jioni walikaa jikoni wakizungumza, wakinifukuza nikiingia. Siku ya kuondoka Béatrice alimpa robota la vitenge awapelekee wenzake wa maabara, na hakushuka kwenye gari tulipofika uwanja wa ndege. Alisema mgongo unauma. Tukiwa njiani kurudi, tulipouacha mji mdogo wa Lumbadzi nyuma, alilala begani mwangu, au alijifanya kulala.

Aliishi hadi mvua za mwaka uliofuata. Alimeza dawa walizokuwa nazo Lilongwe, na zilipoacha kusaidia, wauguzi walimpa za kutuliza maumivu. Alituimbisha sana. Hakuna dawa ya Elodie iliyomfikia, na wote watatu tulilijua hilo tangu Jumatano ile uwanjani kwetu, hakuna aliyedanganywa. Walipozungumza kwa simu, Béatrice hakuuliza lini. Aliuliza tu kama kuna mpya, na mara nyingi ilikuwepo, namba juu ya namba.

Lakini siku ninayopenda kuikumbuka ni Jumatatu ya kwanza baada ya Elodie kurudi Kanada. Ilikuwa saa ambayo kwao ni asubuhi. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba, jua likiwa limeanza kulegea, naye alikuwa na shati la shule magotini. Alichukua simu akampigia. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Safari hii mtu alipokea, na tukasikia vyombo vya kioo vikigongana, na sauti za watu, na mtoto wetu akisema kwa haraka, kwa namna ambayo hakuwahi kuzungumza nasi, "Mama, siwezi sasa, iko kitu naangalia, nitakupigia," kisha akakata simu.

Nilidhani Béatrice ameumia moyoni. Nikatafuta neno.

Béatrice aliweka simu chini kwenye mkeka, akainua sindano kwenye mwanga, akatafuta tundu lake, akalipata.

"Amenikatia simu," alisema, akiwa amejaa furaha usoni. "Umesikia? Hana nafasi."

Akavuta uzi, akaendelea kushona.